Baraza la Ukoo Huko New Zealand

Wazee na wanachama, twapenda kuwasimulia habari ya Wamaori wa New Zealand. Watoto wao wengi walikuwa wakichukuliwa na Serikali na kutiwa mikononi mwa wageni, ukoo usiulizwe neno. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na mzee wao, John Rangihau, ilitoa taarifa juu ya malalamiko hayo, na sheria ya 1989 ikaamuru ukoo uitwe barazani. Maofisa hueleza hatari iliyomfika mtoto, kisha hutoka nje. Mababu, shangazi na wajomba hubaki peke yao kushauriana. Huko kutoka nje ndiko kulikotupendeza zaidi. Lakini ukoo nao huweza kuficha aibu yake. Shauri lisilomlinda mtoto maofisa waweza kulikataa, na jambo likafika mahakamani.