Uchimbaji wa Sarafu Zisizoshikika na Umeme wa Eastlands

Msomaji mwema, neno "kuchimba" laweza kukupotosha. Ulisikiapo, mawazo yako hukimbilia sururu na koleo, na mashimo ya Kakamega, ambako dhahabu iliwavuta walowezi wengi katika miaka ya mwanzo ya 1930. Katika uchimbaji nitakaokueleza hapana shimo wala udongo. Pana mashine juu ya meza, waya wa umeme, feni zivumazo mchana na usiku, na deni la umeme lisilolala. Hata hivyo jina halikutolewa ovyo. Waraka wa mwaka 2008 ulioileta bitikoini duniani, uliotiwa sahihi ya Satoshi Nakamoto, mtu ambaye nafsi yake haijajulikana hata leo, ulilinganisha kazi hii na kazi ya wachimba dhahabu: wao hutumia nguvu zao kutoa dhahabu ardhini, na huyu hutumia umeme na muda wa kompyuta yake.

Habari hizi zakuhusu, hasa ikiwa wakaa Umoja, Kayole, Dandora au Kariobangi, kwa sababu vijana wengi wa mitaa hiyo wamekwisha kuambiwa kwamba fedha zaweza kuchimbwa chumbani mwao. Sitaki uniamini mimi wala wao. Nataka tupige hesabu pamoja.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Bitikoini ni daftari moja kubwa la hesabu, lililonakiliwa katika kompyuta nyingi za ulimwengu, na kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya huongezwa. Nani aandike ukurasa huo? Hapana karani aliyeajiriwa. Badala yake hufanywa mashindano. Fikiri kufuli ya tarakimu, kama ile ya sanduku la mwanafunzi wa bweni, ambayo hapana ajuaye namba zake. Kila mshindani hujaribu namba moja baada ya nyingine, na afunguaye kwanza huandika ukurasa na kupewa sarafu mpya kuwa ujira wake. Akili haisaidii hapa. Lisaidialo ni wingi wa majaribio tu.

Sasa shika jambo moja, maana ndilo wasilolitaja wauzao mashine. Kila baada ya kurasa 2,016, yaani majuma mawili hivi, kufuli hupimwa upya. Washindani wakizidi, hufanywa ngumu zaidi. Wakipungua, hulegezwa, ili dakika kumi zibaki dakika kumi. Kwa hiyo mashine mia zikiongezwa Nairobi, hata sarafu moja zaidi haitazaliwa duniani. Mkate ni ule ule, na walaji wameongezeka. Tena mkate wenyewe hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Ujira wa ukurasa mmoja ulikuwa sarafu 50 mwaka 2009. Ukawa 25 mwaka 2012, na 12.5 mwaka 2016, na 6.25 mwaka 2020, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mkulima ambaye shamba lake lingepungua hivyo angelihama zamani.

Mashine nazo zina historia yao, nayo ni fupi na kali. Mwaka 2009 kompyuta yoyote ya kawaida ilitosha, hata ya duka la intaneti la mtaani. Mwaka 2010 watu waligundua kwamba kadi za michoro, zile ziwekwazo ndani ya kompyuta ili michezo ionekane vizuri, hujaribu namba kwa kasi mara nyingi zaidi, na kompyuta za kawaida zikaachwa nyuma. Mwaka 2013 zikaja chipu zilizoundwa kwa kazi hii peke yake, na kadi za michoro nazo zikaachwa. Mwaka 2016 kampuni ya Bitmain ya China ilitoa mashine iitwayo Antminer S9, yenye kujaribu namba trilioni 13.5 hivi katika kila sekunde, na kwa miaka kadhaa ikawa kama punda wa kazi hii ulimwenguni kote.

Tua hapa, msomaji, uitazame mashine hiyo kwa jicho la fundi wa Kamukunji. Fundi wa jua kali hupenda chombo chenye maisha mengi. Pipa la mafuta likiisha kazi yake huwa sanduku, karai au jiko. Gari likifa, springi zake huwa panga. Lakini chipu ya kuchimba bitikoini haijui kazi nyingine. Haiwezi kuandika barua, wala kuonyesha picha, wala kupiga hesabu za duka. Siku inapopitwa na wenzake ni kipande cha aluminiamu chenye feni mbili. Ndiyo maana sikubaliani na wale waifananishao mashine kuukuu na mtumba wa Gikomba. Koti la mtumba hutia joto sawasawa na siku lilipokuwa jipya, hata kama mamilioni ya makoti mengine yameshonwa tangu hapo. Mashine kuukuu hudhoofishwa na kila mashine mpya iwashwayo Texas au Kazakhstan. China ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka 2021, mashine nyingi zilizotumika zilitawanyika sokoni kwa bei ya chini, na wenye mifuko myepesi wakadhani wameokota dodo chini ya mwembe.

Tuje kwenye hesabu. Chukua S9 moja katika chumba cha kupanga huko Umoja, katikati ya mwaka 2024. Hula wati 1,350 hivi, nayo haizimwi. Kwa saa 24 ni uniti 32.4 za umeme. Tuseme uniti moja ni shilingi 25. Gharama ya siku moja ni shilingi 810.

Mapato je? Wakati huo mashine zote za ulimwengu pamoja zilikuwa zikijaribu namba kiasi cha trilioni mara milioni 600 kwa sekunde. Sarafu mpya kwa siku zilikuwa 450. Gawanya, nawe utaona kwamba fungu la mashine yako ni sehemu moja katika sehemu laki moja za bitikoini moja. Tuseme bitikoini moja ni dola 60,000, na dola moja ni shilingi 130. Basi pato lako la siku ni shilingi 78. Nimeziacha ada walipazo watu watumapo sarafu, nazo kwa kawaida ni kidogo. Umetoa shilingi 810 ukapokea 78.

Pengine utasema kosa ni la uzee wa mashine. Haya, nunua ya kisasa, ile S21 iliyotangazwa mwaka 2023, yenye kujaribu namba trilioni 200 kwa sekunde na kula wati 3,500. Itakuletea dola 9 kwa siku, yaani shilingi 1,170. Lakini itakula uniti 84, ambazo ni shilingi 2,100. Ajabu ni kwamba mashine bora yakupa hasara kubwa zaidi kwa siku kuliko ile kongwe! Ili umeme wake tu ujilipe, pasipo kurudisha bei ya mashine, uniti moja isingepaswa kuzidi shilingi 14 hivi. Wala usidhani kwamba bahati itakuja kukuokoa, ufungue kufuli peke yako na kuutwaa ujira wote. Mwenye S9 moja, kwa hesabu ile ile, angengoja zaidi ya miaka 800. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2010 wachimbaji wadogo wamejiunga katika vyama vya kugawana ujira, mfano wa vyama vya akina mama wa mtaani. Chama hukuletea senti zako kila siku badala ya utajiri baada ya karne nane, lakini hakiongezi fungu lako hata kidogo.

Hata hivyo wako waliosema kwamba hesabu hii haiwahusu kwa kuwa wao hawalipi umeme. Hapa mambo yaacha kuwa ya hesabu tu.

Wewe ujuaye mitaa ile wajua jinsi nyumba zake zilivyokua. Umoja na Dandora zilipoanzishwa katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Marekani na wa Benki ya Dunia, mpango ulikuwa kumpa mwenyeji wa kipato kidogo nyumba ndogo au msingi wa nyumba, naye aumalizie kwa uwezo wake. Wengi waliumalizia kwa kupandisha ghorofa na kupangisha vyumba. Katika ploti nyingi za namna hiyo mita ya umeme ni moja kwa wapangaji wengi, na kila mmoja huchanga kiasi kile kile kila mwezi, au umeme huhesabiwa ndani ya kodi. Makubaliano ya aina hii husimama juu ya kuaminiana: kila chumba kina taa, redio au televisheni, na simu ya kuchajiwa. Mwenye kupika kwa koili ya umeme hunong'onwa upesi. Mpangaji awekaye mashine ya wati 1,350 nyuma ya pazia hakupata umeme wa bure. Amewatoza jirani zake shilingi 810 kila siku ili yeye apate 78. Sijui wizi mwingine ambao mwizi hupata kidogo namna hiyo kwa hasara kubwa namna hiyo. Na mahali ambapo waya zimevutwa pasipo ruhusa, nyembamba na zilizofungwa kwa mkono, mzigo usiokatika mchana na usiku huzipasha moto. Nao wakazi wa vibanda vya mabati hawahitaji kufundishwa maana ya moto.

Kulikuwa na njia ya pili, iliyokuwa na nafuu kidogo. Sarafu ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za michoro, na kadi hizo angalau zina kazi nyingine. Lakini tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji kabisa, ikachagua waandishi wa kurasa kwa kuwataka waweke amana ya sarafu zao. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya sehemu 99 katika 100, na wenye kadi wakabaki kuziuza kwa wacheza michezo.

Basi, je, hapana afaidiye katika Afrika ya Mashariki? Wapo, ila hawakai Eastlands. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, mtambo wa umeme wa maji wa Luviro ulianza kulisha mashine za bitikoini mwaka 2020, watalii walipokuwa wamekatika na mapato ya hifadhi kuanguka. Na hapa Kenya kampuni ya Gridless, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Erik Hersman aliyeshiriki pia kuanzisha Ushahidi na iHub ya Nairobi, ilianza mwaka 2022 kuweka mashine kando ya mitambo midogo ya maji vijijini. Siri yao ni moja. Mto hautulii usiku; maji huzungusha mtambo hata wanakijiji wakilala, na umeme huo usiponunuliwa hupotea. Mashine hununua mabaki hayo kwa bei ndogo, na watu wakihitaji umeme huzimwa. Chumba cha Kayole hakina mabaki ya namna hiyo. Kila uniti yake yatoka kwenye gridi ile ile iliyozimika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, na kila uniti ina mnunuzi.

Kwa kuwa hesabu hii ni ngumu kuifanya iseme uongo, matapeli waliacha kuuza mashine, wakauza hisa za mashine zisizoonekana. BitClub Network ilikusanya fedha za watu wa nchi nyingi kuanzia 2014 hadi 2019, ikidai kuwachimbia bitikoini, mpaka waendesha mashtaka wa Marekani walipowashtaki viongozi wake mnamo Desemba 2019 wakitaja dola milioni 722. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeonya umma juu ya bitikoini tangu Desemba 2015, na sheria ya kuwasimamia watoao huduma za mali hizi ilitiwa sahihi Oktoba 2025.

Lakini usidhani kwamba Nairobi ya mashariki haikupata sarafu ya kompyuta yenye manufaa. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wafanya biashara wadogo walianza kubadilishana vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, mpango ulioanzishwa na Will Ruddick. Yeye na wenzake walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka ule ule. Vocha hizo baadaye zikahamia katika simu kwa jina la Sarafu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokata vibarua, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishirikiana na waendeshaji wake kuipeleka Mukuru kwa Njenga, kandokando ya Eneo la Viwanda. Daftari lake lilikuwa la aina isiyohitaji uchimbaji. Simu ya kawaida isiyo na intaneti ilitosha: mtu alibonyeza namba, akamlipa mwenziwe Sarafu kwa mboga, maji au kufuliwa nguo, na yule akazitumia kwa jirani wa tatu, huku shilingi chache alizokuwa nazo akiziweka kwa ajili ya kodi ya nyumba.