Karani wa Mapokezi

Karani wa mapokezi ni mtumishi wa hoteli apokeaye wageni, kuwaandikisha, kuwakabidhi funguo na kufunga hesabu zao waondokapo. Nchini Kenya, ambako Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, hoteli kubwa za pwani aghalabu hutaka cheti au stashahada ya fani hiyo, Kiingereza fasaha, na ikiwezekana Kijerumani au Kitaliano. Ama subira ya kumtuliza mgeni aliyewasili usiku wa manane akakuta chumba chake kimepewa mwingine, hiyo haina shahada. Ujira, ambao sheria yakataza kushuka chini ya kima kilichowekwa, huambatana na posho ya nyumba. Bakhshishi, hata hivyo, humwendea zaidi mchukuzi wa mizigo.