Kioo Chemba, Mashine Ng'ambo

Mtafiti anayetaka kupima makorongo ya wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, leo hahitaji mashine kali mezani pake. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, zimekuwa za bure tangu 2008, na kompyuta za kuzichakata zinaunguruma mbali, kwenye vyumba vyenye viyoyozi ambavyo hatavikanyaga kamwe. Linalobaki ni swali la mfuko: anunue nini cha kutazamia? Jibu la dukani huwa ni laptop yenye prosesa ya kisasa. Historia ya vioo, tangu vilipoanza kutenganishwa na mashine, inashauri vingine: fedha iende kwenye kioo kwanza, kasha lifuate kwa kinachobaki.

Miaka ya 1960 kuchora grafu kwa kompyuta kulikuwa anasa. IBM 2250 iliyotoka 1964 ilikuwa ya mashirika yenye mamilioni, kwa kuwa kila mstari ulioonekana ulipaswa kuchorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 1972 kampuni ya Tektronix ikatoa terminali ya 4010 kwa takriban dola 4,000, na siri yake ilikuwa ujanja wa kifukara: bomba la kioo lenyewe lilishikilia mchoro, hivyo hapakuhitajika kumbukumbu ya bei mbaya. Ukitaka kufuta mstari mmoja, kioo kizima kilimweka kijani na kila kitu kikapotea. Watafiti walivumilia, maana walichokuwa wakikitaka ni kuona matokeo, na hesabu ilifanyika kwingine. MIT ilipoanza mwaka 1984 mfumo wa madirisha wa X, unaoonyesha kwenye kioo cha mtumiaji programu inayoendeshwa kwenye kompyuta nyingine, na toleo la 11 likatoka 1987, wazo lilikuwa lilelile, na kampuni kama NCD zikauza terminali ambazo karibu thamani yake yote ilikuwa kioo na waya wa mtandao.

Hapa kwetu mlango ulifungwa mapema. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na televisheni pia. Tunaikumbuka amri hiyo kwa ajili ya kompyuta, lakini hasara iliyofichika ilikuwa ya vioo. Kwingineko kifaa kama ZX81 cha mwaka 1981, kilichouzwa Uingereza chini ya pauni 70, hakikuja na kioo; mnunuzi alichomeka televisheni ya sebuleni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, mwaka mmoja tu kabla ya marufuku, na ulipoondoa mifugo kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979, njia hii ya bei nafuu ya kuitazama ardhi hiyo ilikuwa haijafika mikoani. Chemba wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Kondoa, ilimegwa 2012.

Atasema mtu: mtandao ukikatika, kioo kitabaki pambo. Hoja hii ilikuwa na nguvu enzi za setilaiti za mawasiliano zilizo umbali wa kilomita 36,000, ambapo amri na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde, na X yenye maswali mengi ya kwenda na kurudi ilikuwa mateso matupu. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ucheleweshaji huo ulipungua sana. Programu za aina ya VNC nazo hutuma picha iliyokwisha kuchorwa, na kazi inabaki hai kwenye seva hata waya wa kijijini ukikatika. Laptop kali haina kinga hiyo: ikizimika, hesabu imekwenda nayo. Umeme ndio pingamizi lililobaki, na hapo nakubali, betri ina thamani. Basi ichukuliwe laptop ya mtumba, iliyochakaa ila betri yake inashika, na pembeni yake monita nzuri.

Kwa nini monita? Tupige hesabu. Tangu 1982 nukta moja ya Landsat hufunika mita 30. Kioo cha laptop ya bei nafuu chenye nukta 1,366 kwa 768, kikionyesha nukta kwa nukta, kinabeba kilomita 41 kwa 23, yaani kama kilomita za mraba 944. Eneo lile la HADO la Kondoa lilikuwa karibu kilomita za mraba 1,250. Halikai. Monita ya nukta 1,920 kwa 1,080 inabeba zaidi ya 1,860.