Kabla ya flashi kulikuwa na wino

Kazi yangu hapa Faza ni kuhamisha mafaili: kaswida, fomu za chuo, picha za harusi. Kunakili si jambo geni kisiwani Pate. Jirani zetu wa Siyu, karne ya 18 na ya 19, walinakili misahafu kwa mkono, wino mweusi na mwekundu. Lamu, Muhamadi Kijumwa alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu, nyingine zikafika London.

Mimi nilianza na sidii, mchanga ukizikwaruza. Ikaja flashi, afadhali. Faili dogo nalituma kwa WhatsApp. Video ya harusi, jigabaiti 8, nikiipakia mtandaoni humaliza bando, na mtandao ukikatika naanza upya. Hiyo naiweka kwenye flashi, naifunga kwenye nailoni, nampa nahodha. Akichelewa njiani, bwana harusi atangoja.