Taa Zilizong'olewa Darini

Wengi wetu tunajua taa ni kitu cha dukani: unanunua, fundi umeme anakufungia, unabonyeza swichi, kwisha habari. Sasa nisikilize niwahadithie juu ya ndugu wawili wa Pasadena, California, ambao habari hiyo hawakuikubali hata kidogo. Charles na Henry Greene walikuwa wasanifu majengo, lakini kazi yao haikukomea kwenye kuta na paa. Tajiri akiwapa nyumba waichore, walichora na meza, na viti, na mazulia, na taa za darini pia.

Walianza mapema. Wakiwa vijana, baba yao aliwapeleka St. Louis kwenye shule moja ya Chuo Kikuu cha Washington ambako mwanafunzi alisoma hesabu na pia alishika randa na nyundo. Mwaka 1893, wakiwa safarini kuhamia Pasadena, walipita Chicago kwenye maonyesho makubwa ya dunia, wakaona jengo la Wajapani: mbao zilizoungana waziwazi, fundi hafichi kitu. Ukizitazama taa zao, Ujapani umo.

Mwaka 1907 walianza nyumba ya Robert Blacker, mzee mmoja aliyetajirika kwa biashara ya mbao huko Michigan, kisha akastaafu. Mteja anayejua mbao humdanganyi kwa rangi ya mti! Mwaka uliofuata ikaanza nyumba ya familia ya Gamble, wale wa kampuni ya sabuni. Useremala walipewa Peter na John Hall, ndugu wawili wenye asili ya Sweden. Kioo alipewa Emil Lange wa Los Angeles. Kwa hiyo tukisema taa ya Greene na Greene, tukumbuke kwamba mikono iliyoikata na kuiunga ilikuwa ya watu wengine. Historia ina tabia hiyo ya kumtaja mwenye kalamu na kumsahau mwenye patasi.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Mchoro huchorwa kwenye karatasi kwa ukubwa kamili wa taa, tuseme mzabibu unaotambaa. Kila kipande hupewa namba, karatasi ikakatwa, kioo nacho kikakatwa kuifuata. Kioo hicho hakipakwi rangi juu. Rangi imo ndani tangu kilipoyeyushwa, nzito kama maziwa yaliyochanganyika na asali. Kingo husagwa, kila kipande kikazungushiwa ukanda mwembamba wa shaba nyekundu, halafu vipande huunganishwa kwa lehemu pande zote mbili. Ukikata kipande kimoja kikazidi hata kidogo, cha jirani kinakataa kukaa, na cha jirani yake pia. Seremala naye anatengeneza fremu ya mahogani, kona anazilainisha kwa msasa mpaka kidole kisikwame, na vichwa vya skrubu anavifunika kwa vijiti vya mraba vya mti mweusi wa eboni. Taa nyingine zilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi. Balbu nyingi za enzi zile zilikuwa za uzi wa kaboni, mwanga wake wa njano, na ukipita kwenye kioo kile chumba kizima kinakuwa kama saa kumi na mbili jioni.

Lakini kitu kinachofungwa kwa skrubu, kwa skrubu hufunguliwa. Mwaka 1985 nyumba ya Blacker ilinunuliwa na mkusanyaji mmoja kutoka Texas, na muda si muda makumi ya taa zikashushwa darini zikauzwe. Wizi? Hapana, jamaa alikuwa mwenye mali, na hakuna sheria iliyomkataza. Hesabu yake ilikuwa rahisi: taa zikiuzwa mojamoja zinaweza kuleta hela kuliko zikibaki na nyumba yao. Wakazi wa Pasadena walipandwa na hasira, na mwaka huohuo jiji likapitisha sheria ya dharura kuzuia nyumba nyingine za ndugu hao zisipekuliwe namna ile. Kwa Blacker, sheria ilifika maiti imeshatoka.

Mimi kinachonikera si bei. Taa ile ilipimwa kwa dari ile, kwa kimo cha chumba kile, mbao zake zikaoanishwa na mbao za ukuta ule. Ukiitundika kwenye sebule ya mtu mwingine inawaka, ndiyo, lakini imekuwa kama mstari mmoja uliochanwa kwenye shairi.

Mwaka 1994 nyumba ikapata wenyewe wapya, mume na mke, wakaamua kuikarabati. Taa za asili zilikuwa zimeshatawanyika, nyingine makumbusho, nyingine majumbani mwa watu. Ikabidi zitengenezwe nakala, mahogani kwa mahogani, kipande cha kioo kwa kipande, na mafundi wakalazimika kupita tena njia ileile ya kina Hall na Lange. Nyumba ya Gamble yenyewe iliponea: familia iliikabidhi kwa jiji na Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1966, na vyombo vyake ndani. Wageni huingia pale, na taa za mwanzo bado zinaning'inia juu ya vichwa vyao.