Walinzi wa Ardhi na Mipaka ya Biashara ya Miche

Msafiri atokaye Kitete mjini Tabora kuelekea Kwihara, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, hukutana na miembe mikongwe ya ile njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji, nayo ni ushahidi kwamba miti ilipandwa katika nchi hii kabla haijakuwako idara wala ofisi ya kugawa miche. Maana mbegu zilifuatana na wafanya biashara wa pwani na wapagazi wao, zikaota kando ya makambi, na wenye nchi wakazitunza kwa manufaa yao. Swali la nani apasaye kuuza mche, na kwa kadiri gani, lilikuja baadaye sana, zama serikali zilipojitwika amana ya kulinda udongo na maji, na mlinzi akajikuta vilevile ni mwuzaji.

Swali hilo lilijadiliwa mapema huko Marekani, ambako baada ya tufani za vumbi za miaka ya 1930, Rais Franklin Roosevelt aliwaandikia magavana wa majimbo mwaka 1937 akiwasihi watunge sheria za kuunda wilaya za hifadhi ya udongo, na ya kwanza, Brown Creek ya North Carolina, ikasimama mwaka huohuo. Nyingi za wilaya hizo, ambazo huongozwa na wenyeji, zilizoea kuwauzia wakulima miche kwa bei nafuu ili wapande vizuizi vya upepo, na fedha iliyopatikana ikasaidia kazi ya hifadhi. Lakini wenye vitalu binafsi, walipao kodi na ujira bila ruzuku, walinung'unika kwamba hawana nguvu ya kushindana na mwuzaji anayetegemea hazina ya umma, na ndipo mahali kadhaa ikawekwa mipaka, miche hiyo iwe ya hifadhi tu, isiwe ya kupamba bustani wala ya kuuzwa tena.

Huku kwetu Tanzania ardhi iliharibika kwa sababu nyingine. Katika Shinyanga, jirani wa Tabora upande wa kaskazini, vichaka vilifyekwa zamani za Waingereza ili kuwaangamiza mbung'o, kisha zikaja pamba na mifugo mingi, hata nchi ikabaki uwanda mtupu. Na katika Tabora yenyewe, tangu tumbaku ishike mizizi Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka mwaka 1951, mabani ya kukaushia majani hayajaacha kuiteketeza miyombo.

Mwaka 1986 serikali iliuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa ufupi kama HASHI, ukiwa mdogo wake HADO wa Dodoma ulioanza mwaka 1973. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu vyake vikubwa na miche ya miti ya kigeni; kisha ukabadili mwendo, ukawahimiza watu, vikundi na shule waoteshe wenyewe, na zaidi ya yote ukairejea ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kufunga malisho mvua zinapoanza mpaka kiangazi kikali. Eneo la ngitili, lililokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986, lilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nayo ngitili huuza, ila kwa kipimo: nyasi za kuezekea na kuni za ngitili ya jumuiya huvunwa kwa idhini ya kijiji, mvunja amri hutozwa faini kwa hukumu ya dagashida, baraza lao la jadi, na mapato yamejenga madarasa. Wenyeji wametanguliza hifadhi, biashara ikafuata nyuma yake.

Na atazame mtu kitalu kidogo cha mtaani hapa Tabora, aone kwa nini kipimo hicho ni haki. Viriba vya nailoni vimepangwa chini ya kivuli cha nyasi, vimejazwa udongo wa msituni uliochanganywa na samadi. Mwenyewe humwagilia asubuhi na jioni kiangazi chote, hung'oa magugu kwa ncha za vidole, na mtaji wake wote hungoja mvua ya Novemba. Ikiwa juma hilo lori la ofisi ya kugawa miche litashusha miche ya mwarobaini na mgrevilea kwa bei ya sadaka, jasho la miezi limepotea, na mwakani mtu huyo hataotesha. Kisha siku ofisi itakapokosa fedha, kama miradi yote ikosavyo hatimaye, mkulima atapita mikono mitupu katika msimu wa kupanda.

Kwa hiyo halmashauri zetu na wakala wa misitu wanaohodhi amana ya udongo na maji nawaomba waiandike mipaka hiyo katika sheria ndogo: waoteshe mninga na miti mingine ya asili ambayo mfanya biashara haoni faida kuihangaikia, wauze mbegu bora, wawafundishe vijana kazi ya kitalu, na penye mwananchi awezaye kuuza mche, wanunue kwake badala ya kushindana naye.