Mtegaji wa Kinjumbi

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Ilimhusu mzee wa Kinjumbi, kwetu Kilwa, ambaye radi ikipiga tu huacha jembe na kukimbilia uvunguni mwa kitanda, akitetemeka. Mkewe humgongea kitanda kwa mwiko: "Toka, mtegaji wee!" Kijiji kizima kilimwita hivyo, eti anajidai mgonjwa akwepe kulima.

Mzee huyo alikuwa baba yake bibi yangu. Nilipomsomea bibi, hakucheka. Akaniuliza, "Mume wangu, mbona radi umeiandika, Kibata hukuiandika?"

Niliona aibu, nikarudi vitabuni.

Waingereza walishuka Kilwa Septemba 1916. Desemba wakapambana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck pale Kibata, milimani. Wajerumani waliukokota hadi huko mzinga wa manowari Königsberg, iliyokwisha Rufiji Julai 1915. Sasa, nani alibeba risasi, chakula na majeruhi? Wapagazi, na baba yake bibi akiwamo. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Huko Ulaya, mwaka 1915, daktari Charles Myers aliandika juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na kuona baada ya kupigiwa mizinga. Madaktari wakabishana: wagonjwa hawa, au wanategea? London, Lewis Yealland aliwatibu askari kwa umeme. Scotland, W.H.R. Rivers aliwaketisha maofisa akawasikiliza. Ubishi haukwisha, ni mwaka 1980 tu ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa wa kiwewe, kwa jina linalotumika leo, katika kitabu chao cha maradhi.

Tusidanganyane, wapo wanaotia chumvi. Penye fidia, au penye nafasi ya kukwepa vita, mtu huweza kuzidisha kilio, na daktari ana haki ya kuuliza. Lakini chumvi hutiwa kwenye mchuzi uliopo. Anayezidisha maumivu aweza kuwa nayo kweli. Na huyu mzee wetu azidishe ili apate nini? Vita vilikwisha 1918. Pensheni hana, daktari hana. Shamba analolikimbia ni lake mwenyewe, na asipolima atalala njaa yeye na wanawe. Kijiji kilimhukumu bila kumuuliza swali hilo. Nami, na kalamu yangu, nikafuata mkumbo.

"Na ule mwiko umeutoa wapi?" bibi akaniuliza tena.

Nikakiri kwamba nimeubuni.

"Mama hakumgongea kitanda. Alikuwa anaingia naye uvunguni, anamshika mkono mpaka mvua ikatike. Ndiyo dawa aliyokuwa nayo."

Hadithi ile naiandika upya. Mwiko nimeshautoa.